Idadi ya Mabinti wa Athanasi

Athanasi alikuwa hajavua hata tai ya kanisani simu ilipolia. Alipoona ni namba ya Columbus akainuka kwenye kochi, akakaa wima, akasafisha koo. Mtu hazungumzi na wakwe huku amejilaza, hata kama wakwe wenyewe wako safari ya saa tano kwa gari na hawamwoni.

"Habari za Buffalo, mkwe?" Alikuwa Mzee Gaudiosi, baba mdogo wa bwana harusi na mshenga wa upande wao. "Theluji imeondoka?"

"Imeondoka, lakini haijaaga."

"Sikupotezei muda. Jumamosi ndiyo hiyo. Kina mama huku wako dukani, wanangoja neno langu. Utaratibu unaujua: kila dada wa bibi harusi anapewa doti ya kitenge, kila kaka shati na kofia. Sasa nitajie, Florida ana dada wangapi na kaka wangapi?"

Swali kama hilo mzazi hulijibu huku anatafuna. Athanasi alitazama dari, akatazama zulia, akatazama picha ya Yesu ukutani, na wote watatu hawakumsaidia.

"Mkwe, mtandao unakatakata," akasema, akakata simu.

Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Mkewe Agata, aliyekuwa jikoni akichambua mchicha na masikio yote sebuleni, akauliza bila kugeuka, "Baba Florida, ni mtandao gani huo unaokatika ukiulizwa habari za watoto wako?"

Watoto wenyewe walikuwa wawili tu. Wa kwanza Florida, msaidizi wa wauguzi, ambaye alikuwa anaposwa na Dionizi, dereva wa lori wa Columbus. Wa pili Jolie, miaka ishirini na mitatu. Jolie alipozaliwa kambini Kibondo, karani aliandika kwenye kadi ya familia kwamba ni wa kiume. Alipofika miaka kumi na tisa, jioni moja hapa hapa East Side ya Buffalo wakiwa mezani wanakula maharage, aliwaambia kwamba karani alikosea. Jina lake la zamani hatutalitaja. Mwenyewe halitaki, na sisi si wambea wa kiasi hicho.

Siku ile Agata alilia, akasali, akalia tena, na baada ya miezi minne akamnunulia Jolie hereni. Athanasi hakulia wala hakununua hereni. Alichofanya ni kulizoea jina jipya taratibu, akinung'unika tu kwamba binti amejichagulia jina la Kifaransa na Kifaransa chenyewe hajui hata kuomba maji. Hayo yalikuwa ya ndani ya nyumba. Nje, kazini na kanisani, Athanasi alisema "watoto wangu" akaishia hapo. Neno "watoto" lilikuwa limemsitiri vizuri kwa miaka minne, na angeomba limsitiri hadi kaburini.

Tena alikuwa na ugonjwa wake wa namba. Kabla ya kuletwa Marekani alihojiwa mara sita na maofisa mbalimbali, na kila mara swali lilikuwa lile lile: watoto wangapi, wa kike wangapi, wa kiume wangapi? Aloisi, jirani yao wa kambini, mara ya tatu alisahau akasema watoto sita badala ya saba, kwa sababu mmoja alikuwa kwa bibi yake siku hiyo. Kesi yake ilirudishwa chini ya mafaili yote, na hadi leo yuko huko huko. Athanasi alijifunza kwamba ukishasema namba mbele ya watu, hata ikiwa na kasoro, unaishikilia hiyo hiyo. Alisema "wa kike mmoja, wa kiume mmoja" mara sita, na mara sita akagongewa muhuri.

Simu ikalia tena. Columbus. Athanasi akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Watakuja kuuliza kwa barua," Agata akasema.

*

Jumatatu asubuhi, saa chache kabla Athanasi hajaenda zamu yake ya mchana, simu ikalia kutoka Louisville. Hii haikuwa ya kutazamwa mpaka inyamaze.

Dada yake mkubwa Sikolastika alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, na wenzake walisema hata mashine zilikuwa zinamheshimu. Alipenda kupiga simu ya video, ila hakujua kuishika simu, kwa hiyo aliyezungumza naye alikuwa akiona paji la uso na feni ya dari. Ni yeye aliyeamua kwamba mahari itolewe Columbus. Mila inataka wakwe waje nyumbani kwa bibi harusi, lakini Columbus iko kati ya Louisville na Buffalo, na kanisa la Warundi wa huko lilikuwa na ukumbi. Alipoulizwa habari za mila, alijibu kwamba mila ni mila na petroli ni petroli.

"Nimeiona video," lilisema paji la uso.

"Video gani, dada?"

"Athanasi."

"Ndiyo, nimeelewa, dada."

"Mwanao alikuja hapa Louisville mwezi wa pili. Kasimama kwenye ngazi za jengo la serikali, kipaza sauti mkononi, anahutubia halaiki ya watu habari za haki za wenzake waliobadili jinsia. Na amevaa kitenge changu! Kile nilichompa Agata Krismasi. Nimekijua kwa wale tausi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Kiingereza. Kingi. Hakushika hata karatasi." Sikolastika akakohoa kidogo, kama aliyejishika anasifu. "Watu wakapiga makofi mpaka wakachoka. Halafu akapanda gari akarudi Buffalo bila kuja kunisalimu, mimi shangazi yake, dakika kumi na tano kutoka hapo!"

"Aliogopa, dada."

"Mtu anayewafokea wabunge ananiogopa mimi?"

"Sisi sote tunakuogopa, dada," Athanasi akasema, na alipojisikia akatamani kuyarudisha maneno.

Kisha Sikolastika akatoa hukumu. "Jumamosi avae suti, akae na wanaume kama kaka wa bibi harusi. Akikataa, abaki Buffalo. Sitaki watu wa Columbus wale wali wetu na watucheke humo humo."

"Ndiyo, dada."

Msomaji asimdharau haraka. Mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji ya Burundi, Athanasi akiwa na miaka miwili na Sikolastika tisa, wazazi wao walibaki njiani na hawakufika. Yule mtoto wa miaka tisa alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kipande cha shuka akatembea naye siku kumi na moja mpaka Tanzania. Mtu aliyekubeba hivyo, utamkatalia nini kwenye simu?

*

Gari la Athanasi lilikuwa gereji wiki hiyo, kwa hiyo Jumanne Jolie alikuja kutoka mtaa anakoishi, Lower West Side, kumpeleka kazini. Ofisi anayofanyia kazi Jolie ni chumba kimoja juu ya duka la kushonea nguo. Humo anawasaidia watu kama yeye kubadili majina mahakamani, anawasindikiza kwa daktari, anawaandikia wenye nyumba barua ambazo wenye nyumba hawapendi kuzisoma. Siku hiyo alikuwa amevaa jaketi kubwa la njano, kucha nazo za njano, na alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, jambo lililomfanya baba yake ashike mlango kwa miwili.

Walikuwa hawajafika mbali simu ya gari ikaita. Binti wa Kikongo, sauti ndogo.

"Dada Jolie? Ni Chimène, wa Columbus. Bon, papa amesema nisirudie tena ku nyumba. Donc, basi, niko kwa rafiki, lakini naye ameanza kuchoka na miye."

"Pole, mpenzi. Leo una pa kulala?"

"Leo iko."

"Na kesho?"

Jolie hakumharakisha. Alimwuliza kama amekula, akamwuliza dawa zake ziko wapi, akamwambia kuna mama mmoja Columbus mwenye chumba na kwamba atampigia kabla ya saa kumi. "Na Ijumaa nina mkutano huko. Nitakupitia tule wote. Unasikia? Chaji simu yako." Alisema yote hayo kwa utulivu wa mtu mzima, na Athanasi, ambaye alikuwa amekwisha kuachia mlango, alimtazama kwa pembe ya jicho. Aliona fahari imempanda kifuani, akaikohoa.

"Baba yake ni nani huyo?"

"Mhubiri. Ana watoto watano. Siku hizi anasema ana wanne."

Walipita taa mbili za barabarani. Ndipo Athanasi akatoa agizo la Louisville, haraka haraka, kama mtu anayemeza kwinini: suti, wanaume, ama Buffalo.

Jolie alianza kwa kucheka. "Suti! Baba, mara ya mwisho nilivaa suti siku ya kumaliza shule, na kila aliyeniona alidhani nimeiiba." Kicheko kikaisha chenyewe. Akaendesha kwa mikono miwili sasa. "Sivai, Baba. Na sitaki kugombana siku ya Florida."

"Basi mimi niwaambie nini? Wanauliza dada wangapi, kaka wangapi. Wanataka kununua."

"Waambie unachoweza. Lakini usiwaambie una mtoto wa kiume. Huyo hayupo. Watamnunulia shati bure."

Mbele ya geti la ghala alisimamisha gari, akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akampa bakuli la chakula ambalo Athanasi alikuwa amelisahau nyumbani na Agata akalikimbiza mpaka garini. Akamwambia kazi njema, akaondoka.

Mugisho, Mkongo wanayeendesha naye foklifti za kunyanyulia makasha, alikuwa hapo getini anamalizia sigara. "Eh, mzee Athanasi! Ule ni binti yako?"

"Amenipa lifti," Athanasi akasema.

Hakuna jogoo aliyewika, kwa sababu mtaa ule wa maghala hauna majogoo, ila Athanasi alisoma Biblia vya kutosha kujua ni kitu gani amefanya. Zamu nzima alipanga makasha vibaya. Wakati wa mapumziko akajificha nyuma ya maboksi ya vipuri, akapiga Columbus, na akachagua njia ambayo aliona haitamuudhi dada yake wala haitamletea Jolie shati.

"Florida hana dada, mkwe. Wala kaka. Ni peke yake."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mzee Gaudiosi akasikika akigongagonga kalamu mezani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Haya, mkwe," akasema. "Nimeandika."

*

Uongo wa Jumanne ulifika jikoni kwa Agata Jumatano, kwa njia ya Dionizi kupitia kwa Florida, ambaye alilia kwenye simu mpaka mgonjwa wake wa North Buffalo akamletea leso. Florida alisema hatakanyaga Columbus. Agata hakupiga kelele. Alimwandalia mumewe ugali, akauweka mezani mzuri, unafuka moshi, na hakuweka mboga.

"Mboga iko wapi, Mama Florida?"

"Nilikwenda leba mara mbili," Agata akasema. "Mara mbili, Athanasi. Ya pili siku mbili nzima, na mkunga kakimbilia mgao wa mafuta kaniacha peke yangu. Nani kakupa ruhusa ya kupunguza?"

Alipoitwa jina lake tupu, Athanasi alijua hali ni mbaya. Alikula ugali mkavu. Alhamisi akala ugali mkavu. Wahenga husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Agata alitaka kuhakikisha kwamba wazazi wote wawili wanaujua.

Aliyeokoa jahazi ni Jolie mwenyewe, na hakufurahia kuliokoa. Alimpigia dada yake, wakazungumza saa nzima, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. "Majirani wamealikwa," alimwambia. "Watu wa kwaya wamealikwa. Fundi wa gari la Baba amealikwa. Mimi nitakuja kama wao. Nitakaa nyuma, nitakuona ukitoka, nitakula wali. Ukiahirisha watasema ni kwa sababu yangu, halafu mimi ndiye nitakayebeba lawama." Florida akakubali kwa shingo upande. Agata aliposikia alifunga mlango wa chumbani akakaa humo kwa muda.

*

Ukumbi wa Columbus ulikuwa na mazulia ya kijani, bendera ya shule ya Jumapili, na viti vya plastiki vilivyopangwa pande mbili zinazotazamana. Upande huu watu wa bibi harusi kutoka Buffalo na Louisville, upande ule watu wa Columbus, na katikati nafasi ya washenga kutambiana. Waliowahi kuhudhuria mahari za nyumbani wanaujua mchezo: washenga ndio wanaosema. Baba wa bibi harusi hukaa kimya kama mlima, hata akitukanwa kwa utani, na anayefungua mdomo bila kupewa neno hutozwa faini ya vinywaji. Kwa upande wa Buffalo alisema Mzee Zabroni, rafiki wa Athanasi tangu kambini, mtu aliyeweza kuzungumza dakika kumi na tano juu ya kiti.

Sikolastika alikaa mstari wa mbele wa akina mama, kilemba kirefu kuliko vyote, akihesabu nani amekuja na nani amevaa nini. Jolie aliingia taratibu saa nane na nusu, amevaa gauni la bluu la heshima kabisa, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, pale watu walipotundika makoti. Fundi wa gari la Athanasi alikuwa mistari mitatu mbele yake. Sikolastika alimwona. Kilemba kiligeuka kikarudi, na ukumbi mzima ulielewa kwamba kimeona.

Utani ulianza vizuri. Gaudiosi alisema wamepotea njia, wamefuata harufu ya ua. Zabroni akasema maua hapa hayauzwi, labda wajaribu duka la jirani. Wakacheka, wakapeana vinywaji, wakadaiana utambulisho. Kisha Gaudiosi akavua kofia, na sauti yake ikabadilika.

"Wazee wenzangu, kabla hatujaomba ua, tuna neno la huruma. Tumeuliza nyumba hii, tumejibiwa kwamba ina mtoto mmoja. Mmoja tu! Leo tunamchukua. Kesho wazee hawa wataamka, nyumba kimya. Hakuna wa kuwauliza mmelalaje. Hakuna wa kuita 'Baba' mlangoni. Si jambo dogo, ndugu zangu. Nawaomba wote, wenyeji na wageni, tusimame tuwape pole wazazi hawa wanaobaki bila mtoto."

Watu wakasimama. Viti vilikwaruza, vitenge vikanyooshwa, na ukumbi mzima ukainamisha vichwa kwa Athanasi na Agata kama kwenye matanga. Agata alitazama mbele, macho yamekauka, mdomo umebanwa. Athanasi aliitikia kwa kichwa kulia na kushoto, kwa adabu, mpaka macho yake yakafika kwenye makoti.

Kule nyuma mtu mmoja alikuwa bado amekaa. Jolie alikuwa hajui la kufanya. Asiposimama, ataonekana hana adabu kwenye shughuli ya dada yake. Akisimama, atakuwa anawapa wazazi wake pole ya kumkosa yeye mwenyewe. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Akasimama, akainamisha kichwa, na midomo yake ikasema pamoja na watu wote, "Poleni sana."

Hapo ndipo Athanasi alipoumia. Magoti yalimwinua kabla yeye hajaamua.

"Nyumba haibaki tupu," akasema.

Zabroni akamgeukia kwa hofu. "Athanasi, kaa. Utatozwa."

"Nitozwe." Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wengi hivyo bila kuwa na ofisa na fomu mbele yake. "Mkwe Gaudiosi, nilikuambia uongo kwenye simu. Mimi nina mabinti wawili. Wa kwanza ni huyo mtakayemwona. Wa pili ni yule pale kwenye makoti, mwenye gauni la bluu. Anaitwa Jolie. Mmemsimamisha anipe pole, na yeye kwa adabu yake amenipa. Mimi pole hiyo siitaki. Mwanangu yuko hai na yumo humu."

Alitaka kuendelea lakini maneno yakamwishia, basi akabaki amesimama, mikono haijui iende wapi. Jolie kule nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, kucha za njano zinang'aa.

Tusidanganyane kwamba wote walifurahi. Mama mmoja alinong'ona kitu kwa jirani yake, na jirani akasonya. Mzee mmoja wa Columbus alichukua fimbo yake akatoka nje kwenda kulinda gari lake, akakaa huko kwa msimamo mkali mpaka chakula kilipoanza kupakuliwa. Gaudiosi yeye alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Mkwe," akasema, "kuna mtu Columbus hii ambaye hajaiona video ile? Mimi nilipouliza nilitaka tu kujua kitenge cha dada mtu nikate au nisikate. Ukaniambia hakuna. Nikasema, labda mzee ana sababu zake." Akawageukia watu, na taratibu utani ukarudi usoni mwake. "Lakini jamani, kuwaficha wakwe binti mzima! Zabroni, wewe ndiye mwenye mila. Anayeficha binti hutozwa nini?"

Zabroni hakuwahi kuisikia sheria hiyo tangu azaliwe, lakini hakuwa mtu wa kukiri hivyo mbele ya watu. "Kreti mbili za Fanta," akasema papo hapo. "Na kusema bila ruhusa, moja."

"Tatu!" likaitikia kundi la vijana, na kicheko kikapasuka. Agata akapiga kigelegele kirefu, cha juu, cha mtu aliyekaa nacho siku nyingi, na wengine wakakidaka.

Mtu mmoja hakucheka. Sikolastika alikuwa ameinuka. Alipanga kitenge chake, akaacha mstari wa mbele, akatembea katikati ya ukumbi, polepole kwa sababu ya magoti, na kadiri alivyopita vicheko vilizimika kulia na kushoto. Athanasi akamfuata kwa macho. Sikolastika akafika kwenye makoti, akasimama mbele ya Jolie, akamtazama kuanzia hereni mpaka viatu.

"Shikamoo, shangazi," Jolie akasema kwa sauti ndogo, yule yule aliyewahutubia watu bila karatasi.

"Marahaba. Louisville ulikuja, hukunisalimu."

"Nisamehe, shangazi."

"Mdogo wangu amesema mbele za watu kwamba wewe ni binti wa nyumba hii. Amesema au hakusema?"

"Amesema."

"Basi. Siwezi kumfanya mwongo mara ya pili mbele ya watu wa Columbus." Akamshika Jolie kifundo cha mkono, si kwa upole. "Wageni tisini hawajala, sufuria zimejaa kule nyuma, na binti wa nyumba amekaa kwenye makoti kama askari wa zamu. Twende jikoni."

*

Florida alitolewa, akaombwa, akapatikana, na mahari ikapokelewa. Wakati watu wanakula, Athanasi alinyata mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo mwanaume mwenye shughuli hatakiwi kuonekana.

Jolie alikuwa mbele ya sinki, mikono ya gauni imekunjwa, povu mpaka kwenye viwiko. Kucha mbili za njano zilikuwa zimekwisha kuondoka. Sikolastika alikuwa amesimama nyuma yake kama msimamizi wa kiwanda.

"Suuza tena. Hii ina mafuta."

"Shangazi, mbona hakuna hata mwanaume mmoja anayeosha?"

"Hilo kaandamane nalo Buffalo. Hapa sugua."

"Nitaandamana kweli."

"Andamana. Lakini usije Louisville tena ukapita mlango wangu. Utakuja, utalala kwangu, na kitenge changu utanirudishia, au uniombe nikupe." Akaichukua sufuria, akaigeuza kwenye mwanga, akaitafuta kasoro. "Na usifikiri nimekubali kitu. Mimi sijakubali kitu. Mimi nimesema sufuria."

"Ndiyo, shangazi."

Sikolastika akageuka, akamwona mdogo wake mlangoni. Walitazamana kidogo, wazee wawili. Alifungua mdomo kama wa kumfukuza, akaufunga, akabeba sinia la wali akapita pembeni yake.

Athanasi akabaki na binti yake. Alikuwa na mambo ya kumwambia, mengi, alikuwa ameyapanga tangu Jumanne nyuma ya maboksi ya vipuri. Alipotafuta la kuanzia akapata moja tu.

"Umekula?"

"Bado." Jolie akajifuta shavu kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na povu. Macho yalikuwa mekundu, lakini alijitahidi kununa kama watu wanavyonuna. "Binti wa nyumba hali mpaka wageni wamalize, Baba. Nimeambiwa hivyo. Na nimebakiza sufuria nne, na mgongo unaniuma, na hakuna hata mtu aliyeniambia asante!"

Alilalamika kwa sauti ya juu kabisa, ili wale walioko ukumbini nao wasikie.